Chumvi ikiingia majini, miseli hufanyaje?

"Mwalimu, polima imeoza."

Mwanafunzi alikuwa ameishika chupa kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba panya. Ndani yake, mmumunyo ambao nusu saa kabla ulikuwa mwangavu kama maji ya mvua ulikuwa umegeuka mweupe kama tui la pili. Hakuwa ametia kitu cha ajabu: polima (molekuli ndefu kama mnyororo) asilimia moja, fosfeti ya potasiamu ambayo ni aina ya chumvi, maji, kisha akaitumbukiza chupa kwenye beseni la maji ya moto. Nikamuuliza fosfeti ilikuwa kiasi gani. Akasema, kama ilivyoandikwa kwenye maelekezo. Halafu akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi: hivi chumvi inaimarisha miseli, yaani vile vifurushi vidogo vya molekuli vinavyojikusanya majini, au inaivunja?

Chupa tutairudia. Swali lenyewe lina mitego miwili. Linadhani chumvi zote ni moja, na linadhani miseli zote zimeshikwa na kitu kimoja.

Tuanzie kwenye ndoo. Aliyewahi kutengeneza sabuni ya maji nyumbani ameshafanya jaribio hili bila kuliita jaribio. Unakoroga slesi (Kenya wengi huiita ungerol) na maji, mchanganyiko unakuwa mwepesi, unachuruzika. Unaanza kutia maji ya chumvi kidogo kidogo huku ukikoroga, na ghafla mwiko unaanza kukataa kwenda. Ukinogewa ukaendelea kutia, sabuni inarudi kuwa nyepesi na wateja wanasema umeichakachua. Ndoo ni ileile, chumvi ni ileile, na imefanya mambo mawili yanayopingana.

Molekuli ya slesi ina kichwa chenye chaji hasi kinachopenda maji, na mkia wa mafuta unaoyakwepa. Zikiwa chache majini, kila moja huishi kivyake. Zikifika ukolezi fulani hujikusanya, mikia ndani na vichwa nje, na mkusanyiko huo ndio miseli. Kwa nduguye slesi, ile SDS ya maabara, ukolezi huo katika maji safi ya nyuzi 25 ni kama milimola 8 kwa lita. Tia chumvi ya mezani hadi ifike mola 0.1 kwa lita, nao unashuka hadi kama milimola 1.5. Vichwa vyenye chaji moja husukumana. Ioni za sodiamu, chembe za chumvi zenye chaji chanya, zikijaa katikati yao, ugomvi unapoa na kukusanyika kunakuwa rahisi. Ugomvi ukipoa zaidi, vichwa vinabanana, umbo la duara halitoshi tena, na miseli zinarefuka kama minyoo inayosokotana. Msokotano huo ndio unaoukataza mwiko. Chumvi ikizidi, minyoo inaota matawi, maungio ya matawi yanateleza, na uzito unapotea.

Hadi hapo hadithi ni ya chaji, na wengi huishia hapo. Wakikutana na miseli za polima wanaibeba hadithi hiyohiyo, nayo inawaangusha.

Kopolima ya bloku ni mnyororo mrefu wenye sehemu mbili au tatu za asili tofauti zilizoungwa mwisho kwa mwisho. Fikiria ukili wa mkeka uliosukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi hadi katikati, kisha ukaendelezwa kwa miyaa myeupe. Sehemu moja hupenda maji, nyingine huyakwepa, na kwa kuwa zimefungwa pamoja haziwezi kuachana kama mafuta na maji yanavyoachana. Suluhu yao ni miseli: zinazokwepa maji zinajificha katikati na kufanya kiini, zinazopenda maji zinatanuka nje kama nywele.

Mfano ninaoujua vizuri ni polima inayouzwa na BASF kwa jina la Pluronic F127. Wafamasia huiita poloksama 407. Imo kwenye maji ya kusukutulia kinywa na kwenye dawa za kusafishia lenzi za macho. Jina lake ni fumbo linalofumbuka kirahisi: F inamaanisha inakuja kama vipande vikavu, 12 ukiizidisha kwa 300 unapata takribani uzito wa sehemu ya katikati inayokwepa maji, yaani 3,600, na 7 inakwambia kuwa asilimia 70 ya mnyororo ni polietilini oksaidi, sehemu inayopenda maji, iliyoko ncha zote mbili. Ya katikati ni polipropilini oksaidi. Kwa kifupi, PEO nje na PPO ndani.

Ukitaka kuipenda polima hii, changanya gramu 20 zake na gramu 80 za maji baridi na uache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ni kimiminika cha kawaida, kama sharubati. Ishike chupa kwa viganja viwili, uisubiri ipate joto, kisha uipindue. Haimwagiki. Imeganda imekuwa jeli ngumu, angavu, na ukiirudisha kwenye friji inaachia tena. Uji huganda ukipoa, hii huganda ikipata joto, na nimeona watu wazima wakiirudia kuigeuza mara tano kama watoto wenye kichezeo.

Kinachotokea ni kwamba katika maji baridi PPO inavumilika. Molekuli za maji hujipanga kuizunguka kwa utaratibu fulani, na katika baridi utaratibu huo hauna gharama kubwa. Joto likipanda, kujipanga kunakuwa ghali, maji yanataka uhuru wake, na PPO inasukumizwa pamoja kuunda viini. Katika mmumunyo wa asilimia moja hilo hutokea kwenye nyuzi ishirini na kitu. Miseli inayozaliwa ina upana wa takribani nanomita 20, na zikiwa asilimia 20 ya mchanganyiko zinabanana kama machungwa kwenye meza ya muuzaji hadi hakuna inayoweza kusogea. Ndiyo jeli.

Sasa angalia: polima hii haina chaji popote. Hakuna vichwa vinavyosukumana, kwa hiyo hakuna ugomvi wa kupozwa. Hata hivyo, ukitia chumvi ya mezani miseli zinaanza kuundwa kwenye joto la chini zaidi kuliko katika maji matupu. Ukitia thiosayaneti ya sodiamu, kinyume chake: inabidi uongeze joto ndipo zikubali. Sodiamu ni ileile katika chumvi zote mbili. Aliyebadilika ni mwenzake.

Mwaka 1888 huko Prague, Franz Hofmeister alikuwa akipima ni kiasi gani cha kila chumvi kinahitajika ili protini ya ute wa yai iache kuyeyuka na kutuama chini. Chumvi hazikuwa sawa. Leo tunaupanga mfululizo wa ioni hasi hivi: salfeti na fosfeti mbele kabisa kwa nguvu ya kufukuza vitu kutoka majini, kisha floridi, kloridi, bromidi, nitreti, ayodidi, na mwisho thiosayaneti, ambayo badala ya kufukuza husaidia vitu kuyeyuka. Mfululizo uliopatikana kwenye ute wa yai unafanya kazi vizuri mno kwenye PEO na PPO. Ioni chanya nazo zina mpangilio wao, ila kwa polima hizi athari yake kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Kwa nini? Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba ioni fulani "hujenga" mpangilio wa maji yote na nyingine "huubomoa". Utayakuta bado kwenye vitabu, na mimi mwenyewe nimewahi kuyafundisha. Mwaka 2003 kundi la Huib Bakker huko Uholanzi lilipima kwa leza jinsi molekuli za maji zinavyogeuka ndani ya mimumunyo ya chumvi, likakuta kwamba nje ya tabaka la kwanza linaloigusa ioni, maji yanaendelea na maisha yake kama kawaida. Athari ya mbali iliyokuwa ikisimuliwa haikuonekana.

Picha inayosimama leo ni ya ujirani. Salfeti na fosfeti zimeshikana na maji yake kwa nguvu kiasi kwamba hazipendi kukaa karibu na mnyororo wa polima, zinauachia nafasi. Kila sehemu ya mnyororo iliyo wazi ni eneo ambalo ioni hizo zinakatazwa kulikalia, na njia rahisi ya kupunguza hasara hiyo ni mnyororo kujikunja na kujificha. Kloridi hufanya hivyo kwa upole. Ayodidi na thiosayaneti zimeyashika maji kilegevu, ziko radhi kwenda kuegemea kwenye polima yenyewe, na zikiegemea polima inazidi kustahimili kuwa wazi. Kwa hiyo fosfeti inasukuma PPO ndani ya kiini mapema, thiosayaneti inaichelewesha.

Ukiishia hapo utasema basi fosfeti inaimarisha miseli. Ndiyo, kwa maana moja. Lakini neno "imara" hapa limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza: je, miseli ipo, au minyororo imetawanyika mmojammoja? Wa pili: je, miseli zikishakuwepo zinakaa mbalimbali majini, au zinang'ang'aniana na kutuama? Chumvi inayosaidia la kwanza inaweza kuharibu la pili kwa sababu ileile. Fosfeti haichagui PPO peke yake. Inazikausha pia nywele za PEO, ambazo kazi yake ni kunyonya maji, kutanuka na kuzizuia miseli jirani zisigusane viini. PEO ndefu katika maji matupu huyavumilia hadi karibu na nyuzi 100 kabla ya kuleta ukungu. Tia chumvi kali na joto hilo la ukungu linashuka. Nywele zikinywea, miseli inabaki na kiini kilichokaza vizuri kuliko hapo awali, lakini haina tena cha kuitenga na wenzake.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ninachokipenda kuliko fomula yoyote: angalia ni kiasi gani cha chumvi kilihitajika. Mambo ya Hofmeister huanza kuonekana kwenye mola 0.1 hivi kwa lita na kuendelea juu. Mambo ya chaji huanza kwenye milimola, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu akikwambia miseli zake zilibadilika kwa punje ya chumvi, usianze kutafuta polima iliyokaushwa, tafuta chaji.

Na kopolima zenye chaji zipo nyingi. Chukua polistirini iliyoungwa na asidi ya poliakriliki: kiini cha plastiki ngumu, nywele zilizojaa chaji hasi. Hapa sauti ya chaji husikika majini kwa umbali fulani, na chumvi huufupisha umbali huo. Kwenye milimola 1 ya chumvi ya mezani umbali huo ni kama nanomita 10. Kwenye mola 0.15, kiasi kinachokaribia chumvi ya damu, unabaki nanomita 0.8. Katika maji ya bahari haufiki hata 0.4, yaani chaji mbili zinaweza kukaa jirani mlango kwa mlango zisisikiane. Nywele zilizokuwa zimesimama kwa kusukumana zinalala. Ila hazilali mara moja: ndani ya msitu wa nywele tayari kumejaa ioni zake za kusindikiza, na chumvi ya nje haina la kusema mpaka iwe nyingi kuliko hizo. Ndiyo maana mtu anatia chumvi, anapima, haoni kitu, anatia tena, haoni kitu, kisha ghafla ukubwa wa miseli unaanza kushuka.

Mwaka 1996, Lifeng Zhang, Kui Yu na Adi Eisenberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha kwenye jarida la Science kazi iliyoonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda mbali. Kwa polima ya aina hiyo, yenye nywele fupi kuliko kiini, waliongeza kloridi ya sodiamu kwa vipimo vya milimola, au kloridi ya kalsiamu kwa vipimo vya mikromola, na miseli zikaacha uduara: zikawa fito, kisha vifuko vyenye maji ndani. Msukumano wa nywele ukipungua, zinabanana, na umbo linabadilika ili kuzitosha. Ni hadithi ileile ya ndoo ya sabuni, safari hii kwa mahali pake. Kalsiamu inashinda sodiamu kwa mbali kwa kuwa ina chaji mbili, na inaweza kuwashika watu wawili mkono kwa wakati mmoja, wawe wa mnyororo uleule au wa minyororo jirani.

Hapa pana jambo ambalo ripoti nyingi hulisahau: chumvi iliingia lini? Polistirini kavu huwa ngumu kama kioo hadi karibu nyuzi 100. Miseli yenye kiini hicho katika maji ya kawaida imefungwa. Minyororo haiwezi kutoka wala kuingia. Eisenberg na wenzake walifanya kazi wakiwa na kiyeyushi kinacholainisha kiini. Ukitia chumvi baada ya kiyeyushi kuondolewa, nywele zitalala lakini umbo halitabadilika, maana mlango wa ndani umeshafungwa. Watu wawili wenye polima moja na chumvi moja wanaweza kupata majibu mawili kwa sababu tu ya nani alitangulia kuingia chupani.

Sasa twende upande ambako chumvi ni adui wa wazi. Mwaka 1995 huko Japani, Atsushi Harada na Kazunori Kataoka walionyesha miseli zisizo na mafuta kabisa kwenye kiini. Mnyororo mmoja una PEO (kwenye tiba huitwa PEG, ni kitu kilekile) na sehemu yenye chaji chanya. Mwingine una PEO na sehemu yenye chaji hasi. Wakikutana majini, chanya na hasi zinashikana, zinafanya kiini, na PEO inabaki nje kuwa nywele. Uzuri wake ni kwamba DNA na RNA nazo zina chaji hasi tele, kwa hiyo unaweza kuzifungasha humo kama dawa.

Wengi hudhani kinachoshika kiini hicho ni mvuto wa chaji tu, kama sumaku. Mvuto upo, lakini msukumo mkubwa unatoka kwa wasindikizaji. Kabla ya kukutana, kila mnyororo ulikuwa umegandwa na ioni ndogo za chaji tofauti na yake. Minyororo ikishikana yenyewe kwa yenyewe, ioni hizo zinaachiliwa ziende zitakako, na uhuru huo ndio faida. Ni kama kushuka kwenye daladala lililoshona: ukishukia barabara iliyo wazi unapumua na kushukuru. Ukishukia Kariakoo siku moja kabla ya Idi, umebanwa ndani na umebanwa nje, kushuka hakukuongezea kitu. Maji yenye chumvi nyingi ndiyo hiyo Kariakoo. Ioni zinazoachiliwa hazipati nafuu yoyote, sababu ya kushikana inayeyuka, na zaidi ya ukolezi fulani wa chumvi miseli inasambaratika kabisa. Hainyauki wala haileti ukungu. Inatoweka, na mmumunyo unabaki mwangavu kana kwamba mambo ni mazuri. Mwenye macho tu atadanganyika.

Hilo ni tatizo la kweli kwa dawa, maana dripu ya chumvi ya hospitali, ile ya asilimia 0.9, ni mola 0.154 kwa lita, na damu iko jirani na hapo. Juu ya hilo kuna kuchujuka: mililita 5 za dawa katika takribani lita 5 za damu ya mtu mzima ni kupunguzwa mara elfu moja ndani ya muda mfupi. Njia mojawapo iliyotumika ni kukishona kiini kwa vifungo vya salfa kwa salfa. Vifungo hivyo havijali chumvi, vinastahimili safari kwenye damu, na vikifika ndani ya seli, ambako glutathioni, molekuli inayovikata, ni nyingi mno kuliko kwenye damu, vinakatika na mzigo unashuka. Wengine hukwepa habari ya chaji kabisa. Genexol-PM, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Korea Kusini mwaka 2007, hubeba paklitakseli ndani ya miseli za PEG na asidi ya polilaktiki. Nje hakuna chaji ya kufichwa, ndani hakuna wasindikizaji wa kuachiliwa, na mola 0.15 ya kloridi ni kidogo mno kuzikausha nywele zake. Chumvi ya damu inapita bila kugonga hodi. Wasumbufu wakubwa huko ni kuchujuka na protini.

Turudi kwa chupa ya tui. Polima ilikuwa F127, haina chaji, kwa hiyo ugomvi wa vichwa haumo. Chumvi ilikuwa fosfeti, bingwa wa kufukuza. Nilimwomba mwanafunzi alete chupa kubwa alikochota fosfeti. Kwenye karatasi ya ubavuni, kwa kalamu iliyoanza kufutika, palikuwa pameandikwa mola 1, na chini yake: punguza mara kumi kabla ya kutumia. Hakupunguza.

"Kwa hiyo miseli zimekufa, Mwalimu?"

Tukachukua bakuli la barafu, tukaitumbukiza chupa humo na kuizungusha polepole. Weupe ulianza kuachia pembeni, kwenye kioo, ukabaki kama wingu jembamba katikati, kisha nalo likaondoka. Akaiinua mbele ya dirisha na kusoma saa ya ukutani kupitia ndani yake.

"Sasa hivi hakuna miseli zilizong'ang'aniana humo," nikamwambia, "ndiyo maana unaiona saa. Pale ilipokuwa tui, zilikuwepo nyingi kuliko wakati wowote."